Magunga Haikuwa na Kosa

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kufanya tovuti ikimbie. Nitawaandikia, lakini nawaonya mapema kwamba mimi ni mama mwenye hasira, na kustaafu hakujaipunguza. Kama mlitaka bibi mpole wa kuwaombea na kuwaambia msome kwa bidii, mmebisha mlango usio wenyewe. Nimetengeneza tovuti na hifadhidata Migori na Homa Bay tangu enzi ambazo ukimwambia mtu unauza tovuti alikuuliza kama unapima kwa kilo. Na katika miaka yote hiyo, maneno niliyoyasikia kuliko jina langu mwenyewe ni haya: "Mtandao uko chini."

Msiyaamini. Mtandao huku kwetu unasingiziwa kuliko shetani. Mkulima wa Kehancha akikosa kuona bei ya tumbaku, ni mtandao. Mwanafunzi akikosa matokeo, ni mtandao. Sikatai, kuna siku ni mtandao kweli. Mvua ikipiga na mnara ukizima, hata mimi hunyamaza. Lakini mara nyingi kosa ni la mtu aliyekaa mbali akaandika programu bila kumfikiria atakayeitumia, kisha lawama ikamwangukia yule wa mwisho kwenye foleni.

Niliwahi kuitwa na mfanyabiashara mmoja wa Osiri, mzee aliyewauzia wachimba dhahabu pampu za maji, sululu na helmeti. Mpwa wake alikuwa amemtengenezea tovuti ambayo ukiifungua, mapande ya dhahabu yalinyesha kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Yalipendeza, nisiseme uongo. Shida ni kwamba wateja wake walikuwa kwenye mashimo, na simu zenye vioo vilivyopasuka na bando dogo la intaneti, na mvua ile ya dhahabu ilimaliza bando kabla bei ya pampu haijaonekana. Nikaisimamisha mvua, nikabakisha picha moja, nikaibana hadi ikawa nyepesi. Mzee alipofungua simu, ukurasa ulikuja kabla hajavaa miwani vizuri. Akauangalia kwa huzuni.

"Madam, mbona dhahabu yangu imepungua?"

"Dhahabu iko chini ya ardhi, mzee. Hapa tunauza pampu."

Alininunia kwa muda mrefu. Alipoanza kupigiwa simu za kuulizwa pampu, alinitumia salamu kupitia kwa mke wake, kwa sababu yeye mwenyewe bado alikuwa amenuna. Jambo la kushika hapo ni dogo: fungueni kazi yenu kwenye simu ya mteja, mahali alipo mteja, na bando la mteja. Kwenye kompyuta yako mpya, ofisini, karibu na mnara, kila kitu hukimbia.

Hilo sikulivumbua mimi. Nilifundishwa na Jaduong' Ochola, yaani Mzee Ochola, fundi wa zamani wa simu za waya aliyefungua saiba, duka la intaneti, mjini Migori wakati bado tunapakia faili moja moja na kuomba stima isipotee. Mteja akilalamika kwamba mashine ni nzito, Jaduong' hakugusa kibodi. Alimwomba mteja asimame, akaniketisha mimi kwenye kile kiti, akasema, "Nyar Rongo," yaani binti wa Rongo, "fanya alichokuwa anafanya. Ngoja kama alivyokuwa anangoja. Ukianza kukasirika, niambie ulikuwa unabonyeza nini." Nilimwona ni mzee wa vituko. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa ananipa kipimo bora kuliko vyote nilivyokuja kununua baadaye. Hasira ya mtu anayengoja huonyesha mahali penyewe, na mimi hasira nilijaliwa.

Sasa niwaambie kisa kilichonitoa kazini, maana najua wengine wenu mmeshasikia vipande vyake na vimetiwa chumvi.

Kulikuwa na hospitali moja ya misheni, jina lake halina kazi hapa. Hospitali kuu ilikuwa upande wa Homa Bay, na zahanati zake mbili zilikuwa Magunga na Kehancha. Mimi ndiye niliyetunza mfumo wao wa mafaili ya wagonjwa, ule unaofunguliwa kwenye kivinjari kama tovuti yoyote. Mfumo wenyewe walikuwa wameununua kwa kampuni ya Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuufanya uishi. Msimamizi wa hospitali alikuwa Sister Imelda, mtawa mfupi mwenye sauti ya kamanda. Mimi ni Msabato. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba Jumamosi sigusi mashine hata ikishika moto, na Jumapili, wao wakiwa kwenye misa, mimi nafanya matengenezo. Sister alipenda kusema seva yake ilibatizwa na Wakatoliki ikalelewa na Wasabato.

Mfumo ule ulizidi kuwa mzito. Mwanzoni ulikuwa unasuasua, mwishowe ukawa unalala. Halmashauri ya hospitali ikamleta mshauri kutoka Nairobi, Bwana Edwin, kijana mwenye adabu na viatu visivyojua vumbi. Alikaa kwenye chumba cha mikutano na kompyuta yake, akatoa ripoti. Ilisema hivi: Magunga na Kehancha zina mtandao dhaifu na makarani wazito, maombi yao yanakaa ndani ya mfumo na kuwazuia wengine, kwa hiyo zahanati zote mbili zitolewe kwenye mfumo. Wagonjwa wao waandikwe na watafutiwe mafaili hospitali kuu. Yaani mtu wa Magunga akitaka historia yake ya dawa, apande gari hadi Homa Bay akaisomewe.

Sister alinipa kalamu nitie sahihi kama mtunzaji wa mfumo.

"Sister, sitii sahihi."

"Min Apiyo," akasema, akiniita mama wa Apiyo kama kawaida yake, "hujasoma hata ukurasa wa pili."

"Wa kwanza umenitosha."

Aliniangalia juu ya miwani. Aliniambia kama nina neno bora nilete siku ya mkutano wa halmashauri, na kabla ya hapo nisiuguse mfumo unaotumika, hata nukta. Nikatoka pale. Niwaambie ukweli, sikuwa na ushahidi wowote. Nilichokuwa nacho ni kuchukizwa kwamba mtu anaweza kuwakata watu kwenye hospitali yao bila kwenda kuketi walipoketi.

Basi nikaenda Magunga. Karani wa pale, Boaz, alinipa kiti karibu yake dirishani. Nilikuwa bado napangusa vumbi la njiani mama mmoja alipofika na binti yake amemfunga leso kifuani. Mtoto aliitwa Lavin Akinyi. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaouma hadi ndani ya mifupa, na siku hiyo ulikuwa umemshika. Alikuwa analia bila sauti, na sijui kama mmewahi kumwona mtoto akilia hivyo.

"Jina la mtoto?"

"Boaz, si unatujua? Lavin Akinyi Odhiambo."

Boaz akaandika. Kile kiduara cha kungoja kikaanza kuzunguka. Tukangoja. Foleni nyuma ikaanza kuguna, mtu akakohoa kwa makusudi. Kiduara kinazunguka tu. Nami nikaanza kukasirika, nikakumbuka kuangalia alikuwa amebonyeza nini: jina tu, na kitufe cha kutafuta.

"Mtandao iko chini, mama," Boaz akasema.

"Kila siku mtandao! Huyu mtoto anaumwa, yawa!"

"Wacha nifungue file mpya basi, aingie kwa daktari haraka. Hiyo ya zamani tutaitafuta baadaye."

Alifanya hivyo kwa huruma, na msimlaumu. Mtoto akaingia na faili jipya, tupu, nami nikawafuata ndani. Alikuwa na homa juu ya maumivu, akaandikiwa sindano. Nesi alipokuja nayo, yule mama aliuliza ni dawa gani, na aliposikia ni penisilini alisimama akamziba mtoto kwa mwili wake.

"Hiyo hapana! Hiyo ilimfura uso, ikamkatia pumzi! Iliandikwa hapa hapa, kwa kompyuta yenu!"

"Mama, kompyuta inasema huyu hana shida na dawa yoyote."

"Basi kompyuta inasema uongo. Nyathina, mtoto wangu, simpi mtu amuue."

Nesi alikuwa mtu mwenye akili, akaamini mama, dawa ikabadilishwa. Mimi nikarudi dirishani kwa Boaz. Wakati wa chakula cha mchana, foleni ilipopungua, niliingia kwenye hifadhidata kwa ruhusa ya kusoma tu, nikamtafuta Lavin kwa njia zangu. Alikuwa na mafaili kadhaa. Kila mara kiduara kilipozunguka kupita kiasi, mtu mwenye huruma alimfungulia jipya. Onyo la penisilini lilikuwa kwenye la kwanza kabisa, limeandikwa vizuri, na hakuna aliyekuwa analifikia.

Hapo nikajua ninachopigania. Kasi ya ukurasa haikuwa tena jambo la mtu kupoteza muda. Na waliotaka kuitoa Magunga kwenye mfumo walikuwa wanataka onyo lile likae Homa Bay, na sindano ibaki Magunga.

Kutoka Magunga nikaenda Kehancha, maana ripoti ilizitaja zote mbili na mimi sikutaka kuja na jibu nusu. Karani wa kule, Robi, ni mama wa Kikuria mwenye kifua cha kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Nilimkuta na tatizo lile lile la kiduara. Akaandika "Chacha Mwita", akabonyeza, tukangoja. Alipochoka, alitoa kichwa nje ya dirisha.

"Chacha Mwita!"

Wanaume watatu wakasimama kwenye benchi.

"Wa Boke!"

Wawili wakaketi. Mmoja akaja dirishani, akiwa na kadi yake mkononi.

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Robi aliona nimerukwa na akili.

"Unacheka nini, mama? Hapa Chacha ni wengi. Babake Mwita, mtoto Chacha, mjukuu Mwita tena. Lazima uulize ni wa nyumba gani, mama yake nani. Si hata kwenu iko hivyo?"

Ndiyo, hata kwetu iko hivyo. Otieno wako tele, lakini kwenye boma la wake wengi Otieno wa Adhiambo hachanganywi na Otieno wa Awuor, hata na mlevi. Sisi sote, Waluo kwa Wakuria, tunajuana hivyo tangu tuzaliwe. Na mfumo ule, kati ya vyumba vyake vyote vya kujaza, haukuwa na mahali pa jina la mama. Mtoto alikuwa na nafasi ya "mlezi" ambayo haikutumika kutafuta chochote, na mtu mzima hakuwa na hata hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi ilipo. Nilirudi nikaiomba hifadhidata inieleze njia inayopita ikitafuta mtu. Kila hifadhidata ina amri hiyo, na wengi wenu hamuitumii. Mnaongeza seva badala ya kuuliza. Nilichokiona ni hiki. Waliounda mfumo walikuwa wameligawa jedwali la wagonjwa kwa herufi ya kwanza ya jina la mwisho, droo moja kwa kila herufi. Kitabuni ni wazo zuri, kila droo inabeba mzigo wake mdogo. Lakini huku mwanamume aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa jioni ni Odhiambo, wa wakati wa mvua ni Okoth, na jina la mwisho ni la baba au la bwana, hata kwa wanawake. Kwa hiyo karibu nchi nzima ilikuwa imesukumwa ndani ya droo ya O. Watu wa Kehancha walijazana kwenye C na M. Droo za Q na X zilikuwa hazijawahi kuguswa.

La pili, programu ilitafuta jina popote lilipo ndani ya jina kamili, yaani ilitanguliza ile alama ya asilimia inayomaanisha "chochote kile". Ukiitanguliza, indeksi, ile orodha ya kuharakisha utafutaji, haina faida tena. Indeksi husomwa kama kamusi, kuanzia herufi ya kwanza. Ukiiambia sijui neno linaanzaje, itapekua kila ukurasa. La tatu, ikishawapata akina Odhiambo wote, iliwaleta wote kwa pamoja, kila mmoja na picha yake, hadi kwenye kompyuta ya Boaz. Na kwa kila mmoja ilirudi kwenye hifadhidata kuuliza alitibiwa lini mara ya mwisho, kama mtu anayekwenda soko la Migori kununua nyanya moja, anarudi nyumbani, kisha anakwenda tena kununua kitunguu. Mtandao wa Magunga ungefanya nini na mzigo huo? Hata wa Nairobi ungepiga magoti.

La nne ndilo baya zaidi. Karani akichoka kungoja anafungua faili jipya, faili jipya linaingia droo ya O, droo inazidi kuwa nzito, karani anangoja zaidi. Mfumo ulikuwa unajinenepesha wenyewe.

Kwa kuwa nilikatazwa kuugusa mfumo unaotumika, nilifanya kazi kwenye seva ya majaribio yenye nakala ya mafaili yote, iliyokaa humo humo hospitalini. Siku za Jumapili, kengele zikilia na kwaya ikiimba ng'ambo ya ua, mimi nilikuwa nabomoa zile droo. Niliongeza mahali pa jina la mama. Nikatengeneza indeksi moja inayoanza na jina la mama, ikifuatwa na jina la mgonjwa. Nikaondoa asilimia ya mbele. Nikazuia picha zisije hadi mtu afungue faili. Majibu yakawa yanakuja machache machache, na yale maswali ya kurudi rudi nikayaunganisha kuwa moja. Kwa watoto, jina la mama lilikuwa limelala pale kwenye "mlezi". Kwa watu wazima, Boaz na Robi walimuuliza kila aliyefika dirishani. Mafaili yaliyojirudia sikuyaunganisha kwa kubahatisha. Tuliyapitia na nesi na daktari, moja baada ya jingine, kwa sababu ukiunganisha watu wawili kwa makosa umefanya dhambi kubwa kuliko uzito wa mfumo.

Siku ya mkutano ikafika. Halmashauri ilikaa meza ndefu, Bwana Edwin akaeleza ripoti yake vizuri kabisa, kwa utulivu. Nilipopewa nafasi nilisema Magunga haina kosa, Kehancha haina kosa, kosa liko ndani ya mfumo.

"Madam, kwa heshima," Bwana Edwin akasema, "mfumo huu unatumika hospitali nyingi na hakuna anayelalamika."

"Hospitali hizo zina akina Chacha Mwita wangapi kwenye benchi moja?"

Watu wakacheka, yeye pia akatabasamu kidogo. Sikuwa nimekwenda kuchekesha. Nilimpigia Boaz simu, nikaiweka sauti juu, katikati ya meza. Boaz alikuwa ameketi dirishani kwake, kwenye mtandao ule ule uliodharauliwa, ameunganishwa na seva ya majaribio.

"Boaz, nitafutie Lavin Akinyi, wa Adhiambo."

"Nimempata."

Sister Imelda akainama kwenye simu. "Umempata wapi? Si ameanza tu kukuambia?"

"Ako hapa, Sister. File ni moja. Juu kuna maandishi ya red. Inasema asipewe penisilini, alifura uso na akashindwa kupumua."

Niliwaeleza siku ile ya sindano, na jinsi mama alivyomziba mtoto kwa mwili wake. Sister aliniuliza polepole onyo hilo lilikuwa wapi siku hiyo.

"Lilikuwa kwenye kompyuta yenu, Sister. Lilikuwa limefukiwa chini ya akina Odhiambo wote wa nchi hii, na ripoti hii inataka kulisogeza mbali zaidi. Mimi siwezi kuitia sahihi. Mtie ninyi, na mkishatia mkamweleze yule mama."

Sauti yangu ilikuwa kali kuliko inavyotakiwa mbele ya halmashauri. Najua. Bwana Edwin, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikubali kwamba kasi imepatikana. Lakini akasema jina la mama si sehemu ya mfumo wa kawaida, litaleta usumbufu kila toleo jipya likija, na kitaalamu si taarifa ya lazima kwa mgonjwa. Nilimwambia kwetu ni ya lazima kuliko jina la mwisho, na kama toleo jipya halina nafasi yake, basi toleo jipya halijafika kwetu bado. Sister Imelda akagonga meza. Zahanati zibaki, akasema, na mabadiliko yaingie Jumapili inayofuata. Kisha akaniambia mimi nitoke nje nikapunge upepo.

Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Niliambiwa ni umri. Huenda. Mwaka ule ule walimwongezea mkataba dereva anayenizidi miaka. Sikubembeleza mtu, na hadi leo, nikirudishwa kwenye meza ile, nitasema yale yale kwa sauti ile ile, na pengine nitaongeza.

Ninyi mna zana ambazo mimi sikuwa nazo. Siku hizi mnamuuliza roboti kwa nini swali lenu ni zito, na kabla hujamaliza kuandika ameshakutajia indeksi. Mtumieni, mimi pia ningemtumia. Lakini roboti hajawahi kukaa kwenye benchi ya Kehancha akaona wanaume watatu wakisimama kwa jina moja. Hilo mtalijua mkienda. Na mtu wa viatu safi akiwaambia watu wenu ndio wanaochelewesha mashine, msiinamishe kichwa. Mwombeni awaonyeshe njia ambayo swali lake linapita. Kama hajui, ripoti yake ni uvumi uliochapwa vizuri.

Nimalizie na siku niliyokwenda Magunga kuutazama mfumo mpya ukifanya kazi, kabla sijafungasha. Foleni ilikuwa inasonga. Boaz alitoa kichwa dirishani, akaita kama alivyozoea sasa kuita.

"Lavin Akinyi wa Adhiambo!"

Yule mama alikuja mbele, mtoto anatembea mwenyewe siku hiyo, anakula ndizi. Mama alikuwa amekunja uso.

"Umeniita mimi, ama umeita mtoto?"

"Nimeita mtoto, mama. Lakini hata wewe uko hapa ndani."

"Wapi? Geuza nione."

Boaz akaigeuza kompyuta. Aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akasoma jina la binti yake, kisha akaweka kidole chini ya jina lake mwenyewe na kukiacha hapo. Watu wa nyuma walingoja, hakuna aliyeguna.

"Nimeleta huyu mtoto hapa tangu hajui kutembea," akasema. "Kila karatasi inaniita mama wa mgonjwa." Akaendelea kuangalia. "Adhiambo ni wengi. Andika Adhiambo nyar Gwassi, wajue nimetoka kwa nani."

"Hapo nafasi ni ya jina tu, mama."

"Basi ongezeni nafasi."

Boaz akageuka akaniangalia. Nikavuta kiti, nikaiongeza.